Waraka, Toleo la Saba

Walikuja na karatasi ya daftari la shule,
Ustadh Twaha Mdee na kijana wake Luqman,
Jumanne ya Ramadhani, Julai, Moshi yote imevaa sweta.
"Dada Elifuraha, tuchapie. Uchaguzi hauko mbali."
Mimi ni Mlutheri wa Kiusa, nauza herufi;
herufi haina dini mpaka iketi jirani na mwenzake.

Toleo la kwanza lilikuwa la Luqman. Lilikuwa na moto.
TUNADAI, kwa herufi kubwa, mara tisa:
mahakama ya kadhi, vijana wetu maofisini,
kiwanja cha shule kilichogeuka gereji ya diwani.
Alisimama nyuma ya kiti changu
akizihesabu zile tisa kama tasbihi.

La pili, Ustadh alikuja peke yake.
"Palipo na tunadai, weka tunaomba.
Chama cha dini sheria haikisajili, Dada.
Asiye na mlango wake hapigi teke, hubisha hodi."
Nikabadilisha. Kompyuta hubadilisha zote kwa pigo moja,
haimuulizi aliyekesha nazo.

La tatu, "sheria" ikawa "maadili."
La nne, "Waislamu" wakawa "wananchi wapenda haki,"
ili hata ninyi wa Kiusa, alisema, msome msishtuke.
Nikacheka. Naye akacheka, nusu.

Kamati ilikuwa imepasuka.
Mmoja ataka watu wao waingie vyama vyote:
tupande kila shamba, mvua itajua yenyewe.
Mwingine ataka wasipige kura kabisa,
wahesabiwe kwa pengo lao.
Luqman ataka barabarani.
Kila mmoja alinijia kwa saa yake
na neno la kuongeza, na la mwenzake la kufuta.

Kisha akaja mtu wa mgombea.
Viatu vyake havikulijua vumbi la Pasua.
Akaweka mezani katoni mbili za tende
na pesa ya nakala elfu moja. "Futari ni futari," alisema.
"Sentensi moja tu, hapa chini ya dua:
Tumwangalie aliyetuangalia."

Hilo ndilo la sita. Luqman alilisoma wima,
akalirudisha mezani polepole kama chombo cha kuazima,
akatoka kwa miguu. Baiskeli yake ikabaki mlangoni kwangu.

Faili linaitwa WARAKA MWISHO KABISA MBILI.

Sasa jambo ambalo sikutumwa.
Nyuma ya ile karatasi ya kwanza, ya daftari,
palikuwa na penseli, mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani:
*Upande wa wanawake bomba halitoi maji tangu Rajabu.
Tunatawadha kwa chupa. Mwanakheri.*
Hakuna aliyeigeuza.
Matoleo sita, wanaume saba, upande mmoja wa karatasi.

Usiku, mashine ikiwa imeshika joto,
niliketi na maneno yake. Sikuyatia "tunaomba."
Nikayaweka chini kabisa, baada ya sahihi,
kwa herufi ndogo za kutafutiwa miwani.
Elfu moja.

Ijumaa mimi sikuwapo; nilikuwa dukani nikisugua wino vidoleni.
Luqman ndiye aliyenisimulia, alipofuata baiskeli.
Ustadh alisoma baada ya swala, akafika kwenye sahihi,
akaona bado kuna kitu, akavaa miwani, akaendelea,
maana anayesoma kwa sauti hasimami ghafla.
Nyuma ya pazia kikatoka kicheko,
kisha "amina" moja, ya kike, kubwa kuliko ruhusa.
"Ni wewe?" Luqman aliuliza.
Nikamwambia tairi lake la nyuma halina upepo.

Jumatatu amerudi mtu wa mgombea, viatu vilevile.
Hakuuliza nani aliandika.
Ameuliza bomba la nusu inchi linauzwa duka gani,
na kama toleo la saba litakuwa na nafasi
ya picha: mheshimiwa, mikono imekunjwa, ameshika spana.